Majanji: Mpaka wa Shilingi Mbili

Mwaka 1966 mpaka wa Majanji ulibadilika, ingawa hakuna aliyesogeza jiwe. Gati hilo la wavuvi liko Ziwa Victoria, kusini mwa wilaya ya Busia, Uganda. Mashariki yake ni mto Sio, na ng'ambo ni Kenya. Wasamia, wenyeji wa eneo hili, wana ndugu pande zote mbili.

Zamani fedha yao ilikuwa jembe. Mawe ya chuma yalitoka kwenye vilima vya Samia, wahunzi wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto, na majembe waliyofua yakatumika kulipa mahari na kununua mifugo. Kisha ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, na senti zake tano na kumi zenye tundu katikati. Aliyeuza samaki Sio Port, upande wa Kenya, aliweza kununua chumvi Majanji kwa sarafu ileile.

Uganda ilipata uhuru 1962, Kenya 1963, lakini uhuru wa fedha ulichelewa. Benki ya Uganda ilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1966, na mwezi uliofuata Kenya nayo ikatoa shilingi yake. Tangu hapo mchuuzi wa dagaa anapiga hesabu mara mbili: bei ya samaki, na bei ya shilingi.

Mwaka huohuo Kenya ilipiga sarafu za dhahabu za shilingi 100, 250 na 500 kuadhimisha miaka 75 ya Jomo Kenyatta. Uganda ikafuata kwa sarafu za dhahabu za ziara ya Papa Paulo wa Sita ya 1969, papa wa kwanza kukanyaga Afrika akiwa madarakani. Sarafu yake ya shilingi 1,000 ilikuwa na uzito wa gramu 138. Sarafu hizo zilikwenda kwa wakusanyaji. Kwa maoni yangu, kumbukumbu ya kweli ya uhuru wa fedha ni noti za nchi mbili mkononi mwa mama anayeuza samaki Majanji.

Linaloniuma ni kwamba dhahabu yenyewe iko hapahapa Busia. Huko Tiira wachimbaji wadogo wanasaga mawe na kukamata chembe kwa zebaki, sumu inayowaingia mikononi na kutiririka na maji. Mwaka 2024 Benki ya Uganda ilitangaza mpango wa kununua dhahabu ya ndani ya nchi. Mpango huo uanzie Tiira, kwa mizani ya haki, na mchimbaji apewe kwanza njia ya kusafisha dhahabu bila zebaki.