Muziki iliyokuwa inapigwa na hakuna aliyeisikia

Bandugu, leo sitaongea mihogo wala mbolea. Wanaonifahamu wanajua kama kazi yangu ni udongo. Lakini mwaka huu mama alinipa ordinatere ya zamani ya marehemu baba mudogo, ile ya Pentium, nzito kama mfuko wa simenti, na tangu hapo nimesoma historia ya kadi za sauti kuliko nilivyosoma chochote tangu licence.

Baba mudogo aliinunua okazioni, hapa Bukavu, mimi nikiwa katika shule ya msingi. Jioni umeme ukikuja, alikuwa anacheza Doom, ule mchezo wa 1993 wa kupiga mashetani na bunduki. Sisi watoto tulikaa nyuma yake. Tulisikia bunduki, milango, mashetani wakilia. Muziki hapana. Tulikuwa na hakika kama ule mchezo hauna muziki.

Sasa, juzi rafiki mmoja ananionyesha video kwa simu: Doom, na muziki inapiga kwa nguvu tangu mwanzo. Nilishangaa. Kwa nini kwetu ilikuwa kimya?

Niliwasha mashini. Ni vile vile: bunduki inalia, muziki hapana. Wazo la kwanza ni kusema kadi imekufa. Lakini kadi iliyokufa haitoi sauti ya bunduki. Jani la mahindi likigeuka manjano, hukimbilii kumwaga urea. Inaweza kuwa maji yamezidi, inaweza kuwa mzizi. Ilibidi nijue muziki inapita njia gani, na njia hiyo inaanza mbali kidogo na Bukavu.

Inaanza 1983, mwezi wa kwanza, katika maonyesho ya vyombo vya muziki kule Kalifornia. Kabla ya hapo, kinanda cha umeme cha kampuni moja mara nyingi hakikuweza kuongea vizuri na kinanda cha kampuni ingine. Mjapani Ikutaro Kakehashi wa Roland na Mmarekani Dave Smith wa Sequential Circuits walikuwa washindani katika biashara, lakini walikubaliana lugha moja. Pale wakaunganisha kinanda cha huyu na cha yule kwa kamba: unapiga hapa, kingine kinalia. Lugha hiyo njo MIDI.

Jambo la kushika ni hili: MIDI haibebi sauti. Inabeba maagizo tu. «Njia ya 3, kibonye cha 60, kimebonyezwa kwa nguvu ya 100.» Kisha: «kibonye cha 60 kimeachiliwa.» Ni hayo tu, namba kati ya 0 na 127, katika njia 16. Sauti yenyewe inatengenezwa na chombo kinachopokea. Njo maana wimbo mzima unaingia katika kilobaiti chache, wakati dakika moja ya sauti ya CD inakula karibu megabaiti 10. Kwa michezo iliyouzwa katika disketi za megabaiti 1.44, njia hiyo ilifaa sana.

Basi, chombo gani kinapokea? Hapa njo matatizo yote yanazaliwa.

Ordinatere za kwanza za IBM zilikuwa na kispika kidogo cha kulia «bip». Mwaka 1987 kampuni AdLib ya Quebec, iliyoanzishwa na Martin Prével, mwalimu wa zamani wa muziki katika Université Laval, ilitoa kadi yenye chipu ya Yamaha. Chipu ile haikuwa na sauti ya kinanda halisi ndani. Ilikuwa inatengeneza sauti kwa hesabu, wimbi moja likitikisa wimbi lingine, sauti 9 kwa pamoja. Kadi ilipendwa sana. Miaka miwili baadaye Creative wa Singapuri wakachukua chipu ile ile, wakaongeza uwezo wa kupiga sauti iliyorekodiwa, wakaiita Sound Blaster. AdLib ilifilisika 1992. (Kuwa wa kwanza sokoni si kitu, muulize mwenye kuleta mbegu mpya kijijini.)

Mwaka huo huo wa 1987, Roland walitoa kisanduku MT-32, ambacho sauti yake ilikuwa mbali sana na ile ya AdLib. Kampuni ya michezo Sierra ilikipenda mpaka ikakiuza yenyewe kwa wateja wake, na mchezo wake King's Quest IV wa 1988 ulitungiwa muziki na William Goldstein, mtu wa filamu na televisheni. Lakini kisanduku pamoja na kadi yake kiligharimu zaidi ya dola 500. Mtunzi alikuwa anatunga akisikia okestra. Wanunuzi wengi nyumbani walikuwa wanasikia chipu ya AdLib. Maagizo ni yale yale, masikio yanapokea kitu kingine. Mtu wa agronomia anafahamu hii: aina moja ya mahindi, unaipanda Walungu, unaipanda Uvira, unavuna mimea miwili ambayo hata mwenye mbegu anasita kusema ni ndugu.

Na visanduku vyenyewe havikukubaliana namba za vyombo. Namba ambayo huku ni filimbi, kule ni kitu kingine kabisa. Mwaka 1991 watengenezaji wakapatana juu ya General MIDI: orodha moja ya vyombo 128, na ngoma daima katika njia ya 10. Roland wakatoa SC-55, ambayo watunzi wengi wa michezo waliifanya kipimo chao. Tangu hapo, ukiambia mchezo wa zamani kama una MT-32 wakati una SC-55, muziki itapiga, lakini vyombo vimebadilishana viti. Watu wanaita fundi. Hakuna kilichoharibika.

Makosa mengine ni ya kuchekesha. MT-32 za kwanza zilikuwa polepole. Ordinatere ikituma maagizo haraka kupita kiasi, kisanduku kinaandika kwenye kioo chake kidogo kama kimejaa, na muziki inavurugika. Kumbe dawa ilikuwa kupunguza mwendo wa ordinatere kwa kibonye cha turbo! Tena kuna noti inayokwama: kwa sababu kubonyeza na kuachilia ni maagizo mawili, agizo la pili likipotea njiani, noti inalia bila mwisho kama pembe ya gari lililogongwa. Sound Blaster 16 kadhaa za tangu 1992 zinajulikana kwa ugonjwa huo, hasa bunduki na muziki vikilia pamoja.

Ile ya baba mudogo haikuwa na noti iliyokwama. Kabla ya kugusa kitu nilinakili diski yote, kisha nikafungua faili DEFAULT.CFG. Doom inaandika upya faili hiyo kila mara ukitoka katika mchezo, kwa hiyo tarehe yake ni siku ya mwisho aliyocheza: mwezi wa sita 2009. Alifariki miaka miwili baadaye. Nilikaa nikiangalia ile tarehe kwa muda.

Ndani ya faili, mstari snd_musicdevice ulikuwa na namba 8. Namba 8 ni General MIDI. Nikafahamu. Ndani ya ile kadi mulikuwa njia tatu: moja ya sauti zilizorekodiwa, njo bunduki, moja ya chipu ya mawimbi, na moja, kwenye mlango 330, ambayo haitengenezi sauti yoyote, inasukuma maagizo ya MIDI paka nje, kwenye tundu la pini 15 nyuma ya mashini, lile la kuchomekea joystick. Pale unapaswa kuunganisha SC-55 kwa kamba. Sisi hatukuwa na SC-55. Kwenye lile tundu mulikuwa vumbi tu.

Kwa hiyo muziki ilikuwa inapigwa. Jioni zile zote, noti kwa noti, kwa wakati wake, ikitoka kwenye tundu tupu nyuma ya mguu wa meza. Kadi ilikuwa nzima. Aliyeipanga ile mashini, pengine yule aliyeiuza, alichagua jina lililoonekana zuri.

Niliingia SETUP, nikachagua Sound Blaster kwa muziki badala ya General MIDI. Ni dakika moja.

Rafiki yangu wa video hakuridhika. Anasema hiyo ya chipu ni ya bei rahisi, Doom ya kweli ni ya SC-55, niweke programu ya kuiga ile sauti katika ordinatere ya kisasa. Nimeisikiliza. Ni nzuri, gita linakwaruza sawasawa, na inasemwa Bobby Prince aliitunga akisikia hivyo. Lakini watu wengi waliocheza 1993 walisikia ile ya chipu, na huwezi kuwaambia leo kama hawakusikia Doom. Mimi nimeacha chipu, kwa sababu njo sauti ambayo ile kadi iliweza kumpa, siku zote, kama mtu angebadilisha namba moja.

Mama alisikia kelele, akakuja akasimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

— Ni hii njo alikuwa anasikiliza?

— Hapana, mama. Hii hakuisikia hata siku moja.

Alikaa kwenye kitanda.

— Basi usizime kwanza, akasema.