Jirani Aliyekosekana Jaladani

Mwaka 1939 mchoraji Norman Rockwell alihamia Arlington, mji mdogo wa Vermont, akapata hapo nyuso alizozihitaji. Tangu 1916, akiwa na umri wa miaka 22, alikuwa akichora majalada ya jarida la Saturday Evening Post. Sasa majirani zake wakaingia jaladani. Huyu alivalishwa nguo za kazi isiyo yake, yule akaambiwa ainue nyusi zaidi, na mpiga picha akafyatua kamera. Kwa kufuata picha hizo Rockwell alichora kwa mkaa, akajaribu rangi kwenye mchoro mdogo, ndipo akageukia turubai na rangi za mafuta. Jalada lililoonekana kama jambo alilolikuta njiani lilikuwa limepangwa hadi kiatu.

Hivyo ndivyo mamilioni ya wasomaji walivyozoea kuyaona maisha ya Marekani: vinyozi, watoto na mbwa wao, bibi na mjukuu wakisali mgahawani kabla ya kula. Ni kazi nzuri, nami naipenda. Lakini baadaye Rockwell mwenyewe alisimulia kwamba mhariri George Horace Lorimer alimwagiza asiwachore watu weusi ila wakiwa wanawahudumia wengine. Lorimer aliondoka mwishoni mwa 1936. Miaka 10 baadaye, kwenye jalada la Desemba 1946, mvulana mzungu ameketi ndani ya behewa la chakula, anapiga hesabu ya malipo kwa makini. Mhudumu mweusi amesimama kando, akimtazama kwa upole. Uso wake umechorwa kwa heshima kubwa. Hata hivyo, yuko kazini.

Rockwell aliachana na Post mwaka 1963, akaanza kulichorea jarida la Look. Januari 1964 likatoka na picha ya Ruby Bridges, mtoto mweusi wa miaka 6 aliyeingia shule ya wazungu New Orleans mwaka 1960. Amevaa gauni jeupe, ameshika daftari na rula. Maofisa wa serikali wanaomlinda wamekatwa mabegani, kwa hiyo uso unaoonekana ni wake tu. Ukutani nyanya imepasuka, na juu ya mtoto limeandikwa tusi la ubaguzi. Ustadi ni uleule wa Arlington.

Mwaka 1967, katika mchoro wake mwingine ndani ya Look hiyohiyo, familia nyeusi inahamia mtaa wa wazungu. Watoto wa pande mbili wanakaguana kando ya lori la mizigo, na kila upande una mvulana mwenye glavu ya besiboli.