Mdogo Wake Alibaki Kulinda Karakana

Mwezi wa sita mwaka 2018, mjini Paris, eneo la Montparnasse, ilifunguliwa nyumba ya makumbusho ndogo sana. Mita za mraba 350 tu. Kwenye uwanja wetu wa mpira nyumba kama hiyo ingeingia mara kumi na zaidi. Inaitwa Institut Giacometti, na kazi yake yote ni mtu mmoja: Alberto Giacometti, mchonga sanamu aliyefariki mwaka 1966. Ni makumbusho na ni kituo cha utafiti kwa pamoja. Kuna maktaba, kuna michoro na karatasi zake, kuna vyumba vya maonyesho ndani ya nyumba ya zamani ya fundi wa mapambo aliyeitwa Paul Follot. Na ukiingia tu, kitu kikubwa ni chumba chake cha kazi, kimepangwa upya vile kilivyokuwa: kitanda, stuli, brashi zilizokauka rangi, sanamu za plasta na za udongo, na kuta zilezile alizokuwa akizichora.

Sijafika Paris. Haya nimeyasoma na kuyaona kwenye picha, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Najua wengine mtauliza, sisi tunaopanga mstari wa maji alfajiri, Paris inatuhusu nini? Swali ni la haki. Mimi kilichonishika si sanamu zenyewe, maana nyingine hata sizielewi vizuri. Kilichonishika ni hesabu. Mtu amekufa 1966, nyumba imefunguliwa 2018. Hapo katikati kuna miaka 52. Hivyo vitu vilikuwa wapi? Nani alivishika? Udongo haukai wenyewe miaka 52, na sisi tuliojenga kwa matofali ya udongo tunajua hata masika moja inavyoufanya.

Alberto alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1901 kijiji cha Borgonovo, Uswisi, kwenye bonde la milimani linaloitwa Bregaglia. Baba yake Giovanni alikuwa mchoraji, kwa hiyo hakupigana na nyumbani ili asome sanaa. Mwaka 1922 akaenda Paris kusoma kwa mchonga sanamu Bourdelle. Mdogo wake Diego, waliyepishana mwaka mmoja tu, akamfuata baadaye. Mwishoni mwa 1926 Alberto akahamia kwenye karakana ya mtaa wa Hippolyte-Maindron, namba 46. Wenzangu wa Kongo na Burundi tungesema atolye. Chumba kimoja cha mita za mraba kama 23, hakuna bomba la maji ndani, choo kiko nje kwenye ujia. Alikiona kidogo mno, akafikiri atahama. Hakuhama. Alikaa hapo karibu miaka 40, hata alipokuwa na pesa za kutosha kununua nyumba nzima.

Miaka ya 1930 ndugu hawa wawili walikula kwa kutengeneza taa na vyombo vya mapambo ya nyumba kwa ajili ya Jean-Michel Frank, fundi wa mapambo aliyekuwa na wateja matajiri. Sanamu zilikuwa zinafanywa, ndiyo, na Alberto alikuwa anajulikana kwa wasanii wenzake, lakini kinachowalisha kilikuwa taa. Nalisema hili kwa vijana wanaotengeneza vijiko na viti vya kuuza sokoni halafu wanaona aibu, eti si sanaa.

Halafu vita ikaja.

Mwaka 1940, Wajerumani walipokuwa wanakaribia, Alberto alichimba shimo kwenye kona ya karakana yake akafukia sanamu zake. Nilipofika hapo niliacha kusoma kidogo. Mama mzazi alifukia vyungu na cherehani ya marehemu bibi nyuma ya nyumba kabla hatujaondoka, na sidhani ni yeye peke yake katika kambi hii. Juni, Alberto, Diego na mwenzi wa Diego wakatoka Paris kwa baiskeli pamoja na maelfu ya watu waliojaa barabarani. Wakapita Étampes, mji uliokuwa umetoka kupigwa mabomu, wakaona walivyoviona. Siku chache baadaye wakageuza, wakarudi Paris ileile iliyokuwa sasa mikononi mwa Wajerumani.

Mwisho wa 1941 Alberto akaenda Geneva kumwona mama yake. Akakwama. Viza ya kurudi Ufaransa hakuipata, akabaki Uswisi mpaka vita inaisha. Tusidanganyane: hakuwa mkimbizi. Alikuwa na pasi ya kusafiria, alikuwa katika nchi yake ya kuzaliwa, alikuwa na mama. Lakini ile hali ya kukaa mahali ukisubiri karatasi ambayo mtu mwingine ndiye anaamua, hiyo aliijua. Alikaa kwenye chumba kidogo cha hoteli, chenye baridi, akafanya kazi.

Na kazi ikawa inapungua ukubwa. Alitaka kumtengeneza, kwa kumbukumbu tu, mwanamke aliyewahi kumwona kwa mbali usiku barabarani Paris. Kila akianza, sanamu inakuwa ndogo zaidi. Ikafika urefu wa kidole, ikafika ya pini. Nyingine zilibomoka kwa kuguswa kisu mara moja tu. Septemba 1945 aliporudi Paris, inasimuliwa kwamba kazi yote ya miaka ile ilienea kwenye makasha machache ya kiberiti. Karibu miaka minne, mfukoni! Wapo wanaosema alikuwa anapoteza muda. Mimi naona ilikuwa saizi ya mtu asiye na mahali.

Sasa, alirudi wapi? Hapa ndipo Diego anapoingia, na kwa maoni yangu ndiye mtu mkuu wa hadithi hii ingawa jina lake halipo mlangoni. Diego hakuondoka tena. Miaka yote ya vita alibaki Paris, akajifunza zaidi kazi ya kusubu shaba, akalipa kilichopaswa kulipwa, akalinda karakana ya kaka yake. Alberto alikuta kila kitu kama alivyokiacha. Fikiria hilo. Wangapi kati yetu tungekuta hata fremu ya mlango?

Wakati ule sanamu zile hazikuwa na bei ya kumtisha mtu. Leo ni rahisi kusema Diego alijua, kwa sababu mwaka 2010 sanamu ya Mtu Anayetembea iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 65. Lakini ile sanamu ilitengenezwa 1960. Mwaka 1943 Diego alikuwa analinda plasta na vumbi.

Baada ya vita sanamu zikaanza kurefuka na kukonda, zile ambazo dunia inazijua: watu wembamba kama miti iliyoungua, miguu mizito imeshika ardhi. Mwaka 1948 zikaonyeshwa New York, mwaka 1962 Alberto akapata zawadi kubwa ya uchongaji kwenye maonyesho ya Venice. Haya yameandikwa sana, nayapita. Ila mjue kwamba Diego ndiye aliyekuwa anatengeneza mifupa ya waya ya sanamu nyingi, anatoa kalibu za plasta, anaipaka shaba rangi yake ya mwisho, na asubuhi anakaa kwenye stuli kaka yake amtazame na kumfinyanga kwa mara ya elfu.

Alberto alifariki tarehe 11 Januari 1966, hospitalini Chur, Uswisi. Mjane wake Annette, msichana aliyekutana naye Geneva wakati wa vita, ndiye aliyebeba zamu ya pili. Karakana ilikuwa ya kupanga, na mwenye nyumba ni mwenye nyumba. Miaka michache baadaye ilibidi chumba kirudishwe. Annette hakukubali kuondoka na sanamu peke yake. Aliwaita mafundi wakabandua kuta. Yaani ule upande wa juu wa ukuta, plasta yenye michoro na alama za kisu, ulitolewa ukahifadhiwa pamoja na kitanda, meza na vifaa. Majirani walifikiri nini sijui. Mtu anahama anabeba ukuta!

Kisha kazi ikawa ya karatasi. Annette alikusanya barua, picha, hati za mauzo, akaanza kuandika orodha ya kila kazi ya mumewe. Alitaka ianzishwe taasisi ya kuyatunza yote. Alifariki 1993 bila kuiona. Baadaye mirathi ilifikishwa mahakamani, wanasheria wakala mwaka baada ya mwaka, na taasisi ikasimama rasmi mwisho wa 2003. Ikangoja miaka 15 mingine kupata mlango wa kuwafungulia watu.

Kuna mtu aliniuliza kwa nini lazima kituo cha utafiti, si waweke sanamu tu watu waangalie? Jibu moja ni wezi. Mwaka 2009 polisi wa Ujerumani walikamata ghala lenye sanamu bandia za Giacometti karibu 1,000. Zilikuwa zinauzwa kama za kweli. Bila orodha, bila kujua sanamu ipi ilisubiwa lini, na nani, na mara ngapi, ungezitenga vipi? Daftari la Annette ni mlinzi kama Diego alivyokuwa mlinzi, ila lenyewe halilali.

Jibu la pili linatugusa zaidi, na hapa sitaki kuwasifu tu. Moja ya kazi zake za mwanzo zilizompa jina ni Mwanamke Kijiko, ya 1926 na 1927. Ni sanamu ndefu kuliko mtoto wa darasa la nne, na tumbo lake ni bakuli la kijiko. Wazo hilo halikutoka Uswisi. Lilitoka kwa Wadan, watu wa Liberia na Côte d'Ivoire, ambao huchonga vijiko vikubwa vya mti vyenye umbo la mwanamke. Kijiko hicho hupewa mwanamke aliyeonekana kuwa mkarimu kupita wote kijijini, yule ambaye mgeni halali njaa kwake. Ni heshima, si chombo cha kupakulia tu. Vijana wa Paris wa miaka ile waliviona vitu kama hivyo kwenye makumbusho na kwa wauzaji, vimefika kwa njia za ukoloni, na kwa kawaida waliovileta hawakuandika jina la mchongaji. Wala jina la yule mama mkarimu.

Kwa hiyo leo tunajua Giacometti alikaa kwenye stuli gani, na yule fundi wa Kidan hatujui hata aliitwa nani. Simlaumu Giacometti kwa kutazama, kila fundi hutazama kazi ya mwenzake. Lakini mmoja alikuwa na mdogo mtu aliyebaki na mke aliyebandua ukuta, na mwingine kazi yake ilipakiwa melini bila kipande cha karatasi. Watafiti wa sasa wanajaribu kurudi nyuma kuyatafuta majina kama hayo. Ni kazi ngumu sana ukiianza umechelewa miaka 100.

Sasa nirudi hapa kwetu. Nafanya kazi na vijana wa miaka 14 hadi 20, na kwenye kundi letu wako wanaofinyanga na wanaochonga. Wanatengeneza watu, ng'ombe, malori, hata gari la mgawo likiwa na dereva ndani anayepiga usingizi. Kazi nzuri. Familia ikiitwa kwenda nchi ya tatu, mizigo inapimwa kwa kilo, na kinyago huwa cha kwanza kutolewa kwenye begi. Kikibaki kwa jirani, msimu wa mvua kuni zikikosekana, mnajua kinakoenda. Kijana mmoja aliyekuwa anachonga kuliko wote aliondoka na familia yake, na nilipotafuta hata picha moja ya kazi yake kwenye simu za wenzake nikapata moja, tena kinyago kimekatwa kichwa na picha, kwa sababu mpigaji alikuwa anampiga msichana aliyesimama pembeni.

Watu wa mashirika mnaosoma, mnapenda kununua vitu hivi mkimaliza mkataba, nasi tunashukuru. Naomba mkinunua mumwulize aliyetengeneza jina lake lote na la kwao, muandike chini ya kitu chenyewe kwa kalamu isiyofutika. Dakika moja inatosha. Mkiandika tu "kazi ya mkimbizi" mmefanya kama walioleta vijiko vya Wadan.

Sisi hatuwezi kubandua kuta, na pesa ya jengo hatuna. Tumenunua daftari kubwa la kurasa 192, lile la jalada gumu. Kila kazi inaandikwa jina la aliyeifanya, ameifanya kwa nini, udongo au mti umetoka wapi, vipimo kwa rula, na imeenda kwa nani. Kama simu ina chaji tunapiga picha na kuandika namba ya picha. Daftari linakaa kwenye boksi la bati ukumbi wa vijana, juu ya rafu, mbali na mchwa. Anayelishika sasa ni dada wa miaka 17, ambaye yeye mwenyewe hachongi kitu. Amefika namba 43: ng'ombe wa udongo, sentimita 11, pembe moja imevunjika, mwenyewe amesema iachwe hivyohivyo.