Kura, uvumi na simu: Lubumbashi toka 1957 mpaka leo

Bila shaka mnakumbuka tarehe 31 Desemba 2018. Kura ilikuwa imepigwa jana yake, kila mtu anangojea matokeo, na kumbe intaneti ikakatika. Mesaji za simu nazo zikakatika. Siku zilizofuata, sauti ya RFI ikazimwa na mwandishi wake wa Kinshasa akanyang'anywa ruhusa ya kazi. Barnabé Kikaya, mshauri wa Rais Joseph Kabila, alieleza kwamba matokeo ya uongo yalikuwa yameanza kuzunguka kwenye mitandao na kwamba serikali inalinda utulivu. Intaneti ilirudi karibu wiki tatu baadaye, siku zilezile Korti ya Katiba ilipomthibitisha Félix Tshisekedi.

Je, uvumi ulikoma kwa sababu simu zilinyamaza? Hapana. Radio trottoir haihitaji mega. Maaskofu Wakatoliki, waliokuwa na watazamaji wa kura 40.000 nchini, walisema tarehe 3 Januari 2019 kwamba wanajua nani ameshinda, lakini hawakutaja jina. Wiki moja baadaye, usiku wa manane, CENI ikampa Tshisekedi 38,57% na Martin Fayulu 34,8%. Tarehe 15 gazeti la Financial Times likaandika kwamba hesabu zilizovuja zinampa Fayulu karibu 59%. Mtu wa Ulaya aliweza kusoma zote mbili na kuzilinganisha. Sisi wenye kura tuliachwa na maneno ya mdomo tu, na kila mtu akaamini yale ambayo kartie yake ilitaka kuamini.

Haikuwa mara ya kwanza. Baada ya kura ya tarehe 28 Novemba 2011, mesaji zilifungwa toka tarehe 3 Desemba kwa zaidi ya wiki tatu. Walioumia sana ni viziwi, maana kwao mesaji ndiyo simu yenyewe. Tena walilalamika hadharani. Januari 2015, watu walipoandamana juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ikafungwa tena. Desemba 2016, muhula wa Kabila ulipokwisha bila kura, ilikuwa zamu ya Facebook na WhatsApp. Kila mara sababu ilikuwa ile ile: uongo. Uongo ulikuwepo, ni kweli. Lakini wenye kufunga njia ndio hao hao waliokuwa wameshika karatasi za matokeo, na mimi sioni jinsi jambo hilo linaweza kumtuliza mtu.

Tusidanganyane hata hivyo, kwamba uongo wa kura ulizaliwa na simu. Hapa Lubumbashi una umri mkubwa kuliko wengi wetu. Desemba 1957, Wabelgiji waliporuhusu kwa mara ya kwanza wakaaji Waafrika wa Élisabethville kuchagua wakubwa wa komini zao, walioshinda wote walikuwa watu wenye asili ya nje ya Katanga, na wengi wao walitoka Kasaï. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya reli na Union Minière, wakazaa na kujenga hapa. Mwaka uliofuata, Oktoba 1958, CONAKAT ikaanzishwa, Godefroid Munongo akiwa mbele, kisha Moïse Tshombe. Swali lake kubwa lilikuwa: nani mwenyeji, nani mgeni? Swali hilo halikukaa kwenye karatasi za chama. Mwaka 1961, Katanga ikiwa imejitenga, makumi ya maelfu ya Baluba wa Katanga na wa Kasaï walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, hapa hapa mjini.

Swali lilirudi mwaka 1992. Tarehe 15 Agosti, mkutano mkuu wa taifa wa Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu, mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtoto wa Katanga. Wajumbe walikuwa wamepiga kura mbali sana na hapa, lakini walioilipa ni majirani wa Likasi. Gavana Gabriel Kyungu na vijana wa chama chake walikuwa wamekwisha kuandaa maneno, kwa Kiswahili chetu, katika mikutano ya hadhara: Wakasaï waliitwa bilulu. Mtu akiitwa mdudu, anayemkanyaga hajioni kuwa muuaji. Familia zilifukuzwa katika nyumba za kazi, zikalala siku na wiki kwenye stesheni ya Likasi zikingojea treni, na mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Wengi walikufa hapo kwenye reli, kwa njaa na magonjwa, watoto mbele. Hakuna aliyekuwa na simu mkononi.

Kilichobadilika ni mwendo. Zamani mtu alihitaji kipaza sauti, uwanja na ruhusa ya gavana. Sasa anahitaji mega kidogo. Sauti isiyo na mwenyewe inatumwa kwa WhatsApp, inaanza na «pitisha kwa wengine», na kabla ya jioni imefika Kasumbalesa. Video ya zamani, pengine ya nchi nyingine, inapewa maneno mapya chini. Ukurasa unaanza na habari za mpira na wanamuziki, unakusanya watu maelfu, kisha siku moja unabadili jina na kuanza kumsifu mwanasiasa. Mwaka 2020 Facebook yenyewe ilitangaza kwamba imefuta mtandao wa kurasa na akaunti za namna hiyo zilizoendeshwa toka nchi yetu.

Ila ukifungua hizo sauti na kusikiliza vizuri, ndani unakuta swali la 1957. Toka 2021 kulikuwa na mswada uliopewa jina la Noël Tshiani, wa kutaka rais awe mtu ambaye baba na mama wote ni Wakongomani. Kila mtu alielewa kwamba unamlenga Moïse Katumbi, ambaye baba yake alikuwa Myahudi aliyetoka Rhodes. Bunge halikuupitisha, na Oktoba 2023 Korti ya Katiba ilikataa ombi la kumwondoa Katumbi kwenye orodha. Lakini kwenye simu, kesi haikwisha. Kampeni ilipofunguliwa tarehe 19 Novemba 2023, Rais Tshisekedi mwenyewe alionya watu juu ya «wagombea wa nchi za nje». Na huku kwetu wengine walijibu kwa kugeuza tu kidole: mgeni ni yule aliyetoka Kasaï. Kambi mbili zinazochukiana, zimeazima kisu kimoja.

Siku chache kabla ya kampeni hiyo, Malemba-Nkulu, katika Haut-Lomami, kijana mwendesha pikipiki aliuawa. Watu wenye asili ya Kasaï wakashambuliwa, kadhaa wakauawa, na video za mateso yao zikazunguka nchi nzima. Familia zikakimbia tena. Ninyi mnaotusikiliza mkiwa mmeacha nyumba nyuma, mnajua jambo hili kuliko mimi: video hizo wengine walizipitisha ili watu walie, wengine ili watu walipize kisasi, na ilikuwa video ile ile.

Majirani zetu Wakenya waliona hayo mapema. Baada ya kura ya Desemba 2007, mesaji za chuki zilienda mkono kwa mkono na redio za lugha za makabila. Watu zaidi ya 1.100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Sisi wa redio hatuna sababu ya kuitupia simu mawe yote.

Kwetu serikali ilijibu kwa sheria. Kodi ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu kwa kifungo anayeeneza habari za uongo. Miezi sita baadaye, mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa juu ya makala yaliyohusu kifo cha Chérubin Okende, msemaji wa chama cha Katumbi. Alikaa gerezani mpaka Machi 2024. Wenye sauti zisizo na mwenyewe, wao hawana anwani ya kupelekewa barua ya korti.

Tena simu haikuleta uongo tu. Wakati wa kura ya tarehe 20 Desemba 2023, video zilizunguka zikionyesha mashine za kupigia kura zikiwa nje ya vituo, mikononi mwa watu binafsi. Tarehe 5 Januari 2024, CENI ilifuta kura za wagombea 82, na kati ya makosa iliyotaja ni kushika mashine hizo kinyume cha sheria. Matokeo ya rais, yaliyotangazwa toka kituo cha Bosolo kule Kinshasa, hayakuguswa: Tshisekedi zaidi ya 73%, Katumbi 18%. «Bosolo» kwa Lingala ni ukweli. Hapa Lubumbashi, wengi walisikia jina hilo wakacheka, wengine wakapiga vigelegele, kufuatana na sauti walizokuwa wamepokea kwenye simu mwezi mzima.