Mshindani wako hujinadi vipi mtandaoni? Namna ya kumfuatilia bila hila

Nina vyumba vinne vya kukodisha wageni huko Diani. Desemba iliyopita viwili vilikaa vitupu wiki nzima ya Krismasi, ilhali nyumba ya jirani, isiyonishinda kwa godoro wala kwa bei, ilikuwa ikirudisha watu. Nikashuku kwamba wana mtu wao kwenye uwanja wa ndege wa Ukunda. Mpwa wangu alinicheka. “Mjomba,” akaniambia, “wageni huchagua nyumba kabla hawajapanda treni. Wewe wawangojea barabarani.”

Alisema kweli. Siku hizi familia ya Nairobi inayotaka kuja Pwani huanza kwa kuuliza: kwenye vikundi vya Facebook, kwenye ukumbi wa mazungumzo wa Tripadvisor, kwenye kikundi cha Kenya kilichoko Reddit. Anayejibu hapo ndiye anayepata mgeni. Basi nikaketi majuma matatu kusoma washindani wangu wanavyojinadi. Haya ndiyo niliyojifunza, na yatamfaa hata muuza madera wa Marikiti au mwenye mashua ya watalii Watamu.

Kwanza, chagua mahali pachache. Waulize wateja wako watatu wa mwisho walikusikia wapi, kisha fuata majibu yao. Mimi nilibaki na vikundi vinne tu. Ukifuata kumi, utachoka kabla ya kuona chochote.

Pili, jua kutafuta. Ndani ya kikundi cha Facebook kuna alama ya kioo cha kukuzia. Andika hapo jina la biashara unayoifuatilia. Kwenye Google, liweke jina hilo ndani ya alama za kunukuu, kisha andika neno site, nukta mbili na anwani ya tovuti, bila kuacha nafasi, kwa mfano site:reddit.com. Utaletewa kurasa za tovuti hiyo pekee. Jaribu pia jina lililokosewa herufi, maana watu huandika wanavyosikia. Google Alerts nayo ni huduma ya bure inayokutumia barua pepe jina hilo likitajwa kwenye kurasa mpya ilizoziona. Lakini mazungumzo ya vikundi vilivyofungwa Google haiyafikii.

Tatu, andika. Nilichukua daftari la shule nikalipiga mistari mitano: tarehe, kikundi, swali lililoulizwa, jibu la mshindani, na watu walivyolipokea. Usitegemee kumbukumbu. Posti moja haikuambii kitu, lakini thelathini zikipangwa pamoja huonyesha mwendo: wanajibu siku gani, wanataja bei au wanaificha, wanasifu nini na wananyamazia nini.

Nne, tenganisha mteja na mdomo wa kukodiwa. Akaunti iliyofunguliwa juzi, isiyozungumzia lolote ila nyumba moja, au sifa zilezile neno kwa neno katika vikundi vitatu, hizo ni dalili. Lakini dalili moja haitoshi kumhukumu mtu. Wako wageni wanaofungua akaunti kwa ajili ya safari moja tu, na furaha yao ni ya kweli.

Tano, angalia matangazo ya kulipia. Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, ina maktaba ya matangazo iliyo wazi kwa kila mtu. Chagua Kenya, andika jina la ukurasa wa mshindani, utaona matangazo yanayoendelea wakati huo na tarehe yalipoanza. Tangazo lililodumu miezi kadhaa huenda linamlipa mwenyewe, ingawa maktaba haitakuambia limemletea wageni wangapi.

Kwa jirani yangu maktaba ilikuwa tupu. Halipii tangazo hata moja. Daftari ndilo lililofichua siri yake: kuna kijana wake mmoja, anayejitambulisha waziwazi mahali anapofanya kazi, na kila jioni hujibu maswali ya watu. Mama anauliza atafikaje Diani akishuka SGR pale Miritini na watoto wawili. Kijana anamweleza njia ya feri ya Likoni na ile ya Dongo Kundu, na ipi inafaa akifika usiku. Mwingine anauliza mbona bahari ilikuwa mbali asubuhi; anamfafanulia kujaa na kupwa, na jinsi bamvua inavyovuta maji hadi miamba ikaonekana. Nyumba yao haitaji mpaka aulizwe. Na huulizwa.

Katika kutafuta huko nikalikuta pia jina la nyumba yangu. Mgeni wa mwezi wa Aprili alikuwa ameandika kwamba maji yalikatika siku mbili na mwenye nyumba hakupokea simu. Watu kumi na mmoja walikuwa wamesoma na kumshukuru kwa kuwaonya. Mimi sikuwa nimejibu, kwa sababu sikujua. Jirani yangu hakuwa ametia neno hata moja.

Hapa ndipo penye mtihani. Jamaa yangu mmoja alijitolea kufungua akaunti ya jina la uongo aandike kwamba kwa jirani kuna kunguni. Nakiri kwamba nilinyamaza kidogo kabla ya kukataa. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha katika biashara. Tena Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za watu, kwa hiyo usikusanye majina na namba za simu za wateja wa mwenzako ili uwatumie ujumbe. Usijipenyeze kwenye kikundi cha WhatsApp cha mshindani kwa kujifanya mgeni. Soma yaliyo wazi, na uandikapo jitambulishe. Soma pia kanuni za kikundi kwanza, kwani vingi hukataza kujinadi na wasimamizi hawasiti kukutoa.

Nilinunua tangi la pili la maji, kisha nikamjibu yule mgeni kwa jina langu: nilikosea, na nimerekebisha. Hakurudi, lakini wawili waliosoma jibu hilo walikuja Pasaka. Sasa kila Jumatano jioni najibu maswali matatu, hasa ya uvuvi na ya njia za Kwale, ambazo yule kijana hazijui vizuri kama mimi.

Ukianza leo, anza kwa kulitafuta jina lako mwenyewe. La mshindani litafuata.