Msandali: Mti wenye dume na jike unaozidi kuadimika

MSANDALI wa Afrika Mashariki, ambao wanasayansi huuita Osyris lanceolata, ni mti mdogo wa nyanda kame na vilima vya mawemawe. Nchini Kenya hupatikana Samburu, Baringo, Kajiado, Taita na kwingineko, na Wamaasai huufahamu kwa jina olosesiai.

Thamani yake imo katika mafuta yenye harufu nzuri yanayotolewa katika kiini cha shina na mizizi, ambayo hutumiwa kutengenezea manukato. Kwa kuwa mizizi nayo ina mafuta, wavunaji haramu hawatosheki kuukata mti bali huung'oa wote. Mti uliokatwa huenda ukachipuka kisikini. Uliong'olewa pahali pake hujazwa kwa mbegu tu, na uzazi wa msandali kwa mbegu si jambo jepesi.

Mti huu una jinsia mbili zilizotengana. Ipo miti dume, yenye vishada vya maua yanayotoa chavua, na ipo miti jike, ambayo maua yake ni machache na ndiyo huzaa matunda. Maua ni madogo, ya kijani kinachoelekea umanjano, na wadudu ndio huyachavusha. Mti jike ulio mbali na dume huchanua bure.

Inasemekana wavunaji hupendelea miti jike iliyokomaa, wakiamini kwamba ina mafuta mengi zaidi. Ikiwa ndivyo, kilima chaweza kuonekana kingali na misandali, kumbe ni madume matupu. Idadi ya miti, ambayo ndiyo hutajwa mno katika mijadala ya uhifadhi, haitoshi basi kueleza hali yake. Sharti ijulikane mingapi ni jike, na iko umbali gani na dume.

Tunda likiiva huwa jekundu, na ndege hulila na kutawanya mbegu. Ganda la mbegu ni gumu, na kuota kwake ni kwa polepole. Mche nao hauishi peke yake: mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya mimea jirani na kufyonza maji na madini, ingawa majani yake ya kijani hujitengenezea chakula. Anayefyeka vichaka vinavyouzunguka msandali huunyima riziki hata kama hakuugusa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Tanzania, wamejaribu mbinu ya kuotesha mizizi kwenye tawi lingali mtini. Faida yake ni kwamba jinsia ya mche hujulikana mapema, maana ni ile ile ya mti uliotolewa. Mche wa mbegu hautambulikani hadi uchanue.

Isitoshe, misandali hailingani. Kimo, majani na kiasi cha mafuta hutofautiana kutoka eneo moja hadi jingine. Spishi hii imeenea kutoka kusini mwa Afrika hadi Ethiopia, na hata Asia, lakini vikundi vya hapa vimetenganishwa na mbuga na mashamba. Kupanda upya kwa mbegu za mti mmoja au miwili ni kuupunguza uanuwai huo, hata miche ikiwa maelfu.

Mwaka wa 2007 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipiga marufuku uvunaji wa msandali. Mwaka wa 2013, kwa pendekezo la Kenya, misandali ya Afrika Mashariki iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini. Hata hivyo, shehena zimeendelea kunaswa barabarani. Magogo na mizizi huwa vimekatwakatwa na kutiwa magunia, na si rahisi tena kutambua ni vingapi vilivyotoka kwa miti jike.