Onyo la diski: fundi hajaiharibu, ilikuwa mgonjwa zamani

Tangu Microsoft isimamishe huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu hapa Goma wanabeba mashini zao kwa mafundi ili zibadilishwe mfumo. Wenye mashini za zamani zisizokubali Windows 11 wanawekewa Linux. Na kuna ugomvi mmoja unarudi kila mara. Mteja anafika nyumbani, anawasha kompyuta, na dirisha linatokea: diski inakaribia kufa, nakili vitu vyako. Anarudi kwa fundi na hasira. "Nilikuletea mashini nzima, umeniharibia!" Fundi anaapa kwamba hakuharibu kitu. Mara nyingi fundi anasema kweli.

Tuanzie mbali kidogo. Diski ya kwanza ya kompyuta ilitolewa na IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50 zinazozunguka, uzito wake karibu tani moja, na ndani yake ziliingia herufi milioni 5 tu, karibu sawa na foto moja ya simu ya leo. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mwenye diski alijua kwamba imekufa siku ileile ilipokufa. Mwaka 1992 IBM ikaanza kuuza diski zinazojipima zenyewe, na mwaka 1995 kampuni ya Compaq, pamoja na watengenezaji wa diski, ikaleta njia yake. Kutoka hapo ukazaliwa utaratibu mmoja wa viwanda vyote, unaoitwa SMART.

Kazi yake ni kama daftari la muuguzi. Diski imegawanywa katika vipande vidogo vingi. Kipande kikichoka, diski inahamishia kazi yake kwenye kipande cha akiba, na inaandika: kimoja, viwili, hamsini. Lakini daftari linahitaji msomaji. Windows XP ilipopata habari mbaya kutoka kwa diski, iliiandika kwenye kumbukumbu zake za ndani ambazo mtumiaji wa kawaida hafungui hata siku moja. Kuanzia Vista, na hasa Windows 7 ya mwaka 2009, mfumo ukaanza kumfungulia mtu dirisha mbele ya macho. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, Ubuntu 9.10 nayo ikaanza kusoma daftari hilo, na watu wengi duniani waliobadilisha mfumo wakaona onyo siku ya kwanza. Diski ni ileile ya jana. Aliyebadilika ni msomaji.

Tuseme ukweli wote: baadhi ya maonyo yale ya Ubuntu yalikuwa ya bure, kwa sababu programu ilisoma vibaya hesabu za viwanda fulani. Na kimya nacho hakiaminiki. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Zaidi ya nusu ya zile zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja kati ya ishara 4 kubwa. Lakini diski iliyoonyesha kosa la kusoma kwa mara ya kwanza, hatari yake ya kufa ndani ya siku 60 ilipanda mara 39 kuliko ya wenzake. Kwa hiyo onyo likitokea, usilifunge kama matangazo ya biashara.

Kuna jambo lingine ambalo mafundi wengine hawamwelezi mteja. Kubadilisha mfumo ni kazi nzito kwa diski. Gigabaiti nyingi zinaandikwa kwa saa chache, na pembe ambazo hazikuguswa kwa miaka zinaguswa. Diski mgonjwa inaweza kuanguka hapohapo. Umeme ukikatika katikati, jambo tunalolijua hapa, hali inakuwa mbaya zaidi. Hapo fundi ana kosa moja: kuanza kazi bila kuangalia daftari la diski, na bila kuuliza kama kuna nakala.

Kwa nini naandika haya kwenye ukurasa unaosomwa na familia zilizohama? Kwa sababu sisi tumezoea kupoteza karatasi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kuchoma nyumba na makabati yake. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, na siku 5 baadaye watu wa vitongoji 10 waliambiwa waondoke. Mwanzoni mwa 2025, kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zilibaki tupu kwa siku chache tu, na watu wakaondoka na walichoweza kubeba. Kwa mama aliyetoka Masisi, foto ya arusi, diplome ya mtoto na karatasi ya parseli huenda zimebaki mahali pamoja tu: kwenye mashini ya zamani ya studio ya foto au ya sekretaria ya mtaani, ambako zilipigwa skani. Mwenye mashini hajui kwamba amebeba kabati la watu.

Kama una mashini ya namna hiyo, kabla ya kuipeleka popote, nakili kwanza vitu ambavyo haviwezi kupigwa tena: foto za marehemu, diplome, kadi ya mchaguzi, karatasi za kiwanja. Weka kwenye kle mbili, na moja ikae kwa ndugu wa mtaa mwingine. Filamu na nyimbo zingoje. Onyo likitokea kabla hujanakili, usiwashe na kuzima mara kwa mara, na usikubali kuweka mfumo juu ya diski hiyo. Diski nyingine ya mtumba inagharimu fedha, ndiyo, na hata hiyo ifunguliwe daftari lake kabla hujalipa.

Fundi mmoja wa Birere sasa anamkalisha mteja karibu naye na kumwonyesha hesabu za diski kabla ya kugusa kitu kingine. Wanaangalia skrini pamoja, kisha mteja anaamua. Anasema ugomvi umepungua, ila kazi inachukua muda mrefu zaidi, na wateja wengine wanaondoka bila kufanya chochote.